Kamari ya Bima kwa Mali ya Mteja



Jioni moja jirani yangu, ambaye nitamwita Baba Mueni kwa kuwa sina ruhusa ya kutangaza jina lake, alinibishia mlango akiwa na bahasha ya kaki mkononi. "Wewe ni mtu wa redio," akaniambia, "hebu nisomee hii barua, naona macho yangu yananidanganya." Macho yake hayakuwa yakimdanganya. Barua ilitoka kwa madalali. Ilimpa siku saba alipe shilingi milioni 1.7 pamoja na gharama zao, la sivyo waje kuichukua matatu yake na kuipiga mnada.

Baba Mueni alikuwa na bima. Alikuwa amelipia bila kukosa. Hilo ndilo lililomchanganya, na ndilo lililonifanya nami niketi chini na kuanza kuuliza maswali.

Kisa chenyewe ni cha kawaida katika miji yetu. Dereva wake alirudi nyuma kwa fujo kituoni akamgonga kijana mchuuzi wa soksi. Kijana alivunjika mguu na nyonga, na madaktari wakasema hatatembea tena sawasawa. Kwamba kosa lilikuwa la dereva, hakuna aliyebisha, hata dereva mwenyewe. Kabla kesi haijasikizwa, wakili wa kijana aliiandikia kampuni ya bima akisema kwamba mteja wake yuko tayari kupokea milioni 1.8 na mambo yaishe. Kampuni ikakataa, ikasema tuonane kortini. Baba Mueni hakuambiwa lolote kuhusu barua hiyo. Kila alipopiga simu ofisini alijibiwa hivi: "Mzee, hiyo kesi iko mikononi mwa mawakili wetu. Wewe endelea na kazi yako."

Basi akaendelea na kazi yake. Hukumu ilipotoka ilikuwa milioni 4.7. Kampuni ikalipa milioni 3, ambacho ndicho kiwango cha mwisho cha bima yake kwa mtu mmoja aliyeumia, kisha ikamwandikia mteja wake barua ya sentensi mbili kumfahamisha kwamba iliyobaki ni yake.

Nilimwomba anionyeshe mkataba wa bima. Aliutoa ndani ya sanduku la nguo, ukiwa bado umekunjwa jinsi alivyopewa. Tulipoufungua tulikuta masharti ambayo nadhani yamo katika mkataba wako pia, msikilizaji, kama una gari. La kwanza lilisema kwamba mwenye bima haruhusiwi kukubali kosa wala kumwahidi aliyeumia malipo yoyote bila idhini ya kampuni kwa maandishi. La pili lilisema kwamba kampuni ndiyo itakayochagua wakili, ndiyo itakayoendesha utetezi, na ndiyo itakayoamua kama kesi isuluhishwe au ipelekwe mbele ya hakimu. Masharti haya yana sababu yake, kwani hakuna kampuni inayoweza kukaa sokoni ikiwa kila mteja anakwenda hospitalini na maua na kuahidi mamilioni ya mtu mwingine. Lakini maana yake ni kwamba mteja amekabidhi usukani. Wahenga walisema mshika makali hashindani na mshika mpini, na hapa mpini umeshikwa na kampuni.

Sasa swali ni hili: ikiwa kampuni peke yake ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kumaliza kesi kwa milioni 1.8, na ikakataa, kwa nini milioni 1.7 iliyozidi kiwango itoke mfukoni mwa mtu ambaye hakuulizwa?

Wakili mmoja ninayefahamiana naye aliniambia kwamba swali hilo liliulizwa katika jimbo la California, huko Marekani, zaidi ya nusu karne iliyopita, na lililosababisha liulizwe ni ngazi ya mbao. Alinipa hukumu yenyewe niisome. Iliamuliwa mwaka 1967 na Mahakama Kuu kabisa ya jimbo hilo.

Bi. Crisci alikuwa mjane, mhamiaji, mwenye umri wa miaka 70. Alikuwa na nyumba za kupangisha, kama akina mama wengi tunaowajua hapa mjini ambao waliweka akiba yao yote katika vyumba vya kukodisha. Siku moja mpangaji wake, mwanamke, alikuwa akiteremka ngazi ya nje, kidato kikavunjika. Mguu ukapitia shimoni na mwili ukabaki ukining'inia futi 15 kutoka ardhini mpaka watu walipokuja kumwokoa. Majeraha ya mwili hayakuwa makubwa mno. Lililokuwa kubwa ni kwamba akili yake iliharibika. Alishtaki, akadai dola 400,000.

Mwenye nyumba alikuwa na bima yenye kikomo cha dola 10,000. Upande wa mpangaji ulisema ungekubali dola 10,000 na kesi iishe. Kampuni ikakataa. Baadaye upande huo ukateremka hadi 9,000, na Bi. Crisci mwenyewe, ambaye alikuwa amelipia bima ili asitoe hata senti, akajitolea kuchangia 2,500 katika hizo. Kampuni ikakataa tena. Ilikuwa tayari kutoa 3,000 kwa majeraha ya mwili, na kwa ugonjwa wa akili haikutaka kutoa chochote.

Ningependa tufanye hesabu pole pole, maana ndani ya hesabu hii ndimo ulimo uovu wote. Kama kampuni ingekubali mara ile ya pili, ingelipa dola 6,500. Ikikataa na kushindwa kortini, haiwezi kulipa zaidi ya 10,000, kwa sababu mkataba unaishia hapo. Kwa hiyo kwa kukataa, kampuni ilihatarisha dola 3,500 za ziada kwa tumaini la kuokoa 6,500. Kwa mfanyabiashara hiyo ni kamari nzuri. Lakini mezani palikuwa na fedha nyingine ambazo si zake. Wakili wa kampuni na meneja wake wa madai walikuwa wanaamini, na jambo hili lilithibitishwa, kwamba isipopatikana njia ya kuupinga ushahidi wa ugonjwa wa akili, hukumu isingepungua dola 100,000. Walilijua hilo na bado wakacheza.

Juri, yaani raia wa kawaida wanaoketi mahakamani kuamua kesi, waliamua mpangaji alipwe dola 100,000 na mumewe 1,000. Kampuni ikatoa 10,000 zake ikaenda zake. Dola 91,000 zilizobaki zikamwangukia mjane. Alipoteza fedha zake na haki yake katika mali aliyokuwa nayo. Mwanamke aliyekuwa mwenye nyumba akawa yaya wa watoto wa watu, na kodi ya pale alipolala ikawa inalipwa na wajukuu wake. Afya yake ikadhoofika, na hukumu inaeleza kwamba alijaribu kujiua.

Kisha akaishtaki kampuni yake ya bima, akashinda. Kampuni iliamriwa ilipe zile 91,000, na juu yake dola 25,000 kwa mateso ya moyo. Hili la mateso ya moyo lilikuwa jambo zito katika sheria, kwa kuwa anayevunja mkataba wa kibiashara kwa kawaida hulipa hasara ya fedha tu. Majaji walisema kwamba mtu hanunui bima ili apate faida. Anachonunua ni utulivu wa moyo. Basi ukimnyima huo, umemnyima kile kile alicholipia.

Majaji walitoa pia kipimo ambacho kwangu mimi, nisiye wakili, kinaeleweka kuliko sheria nyingi nilizowahi kuzisoma hewani. Walisema: jiulize kama kampuni yenye busara, ambayo ingelazimika kulipa hukumu yote bila kikomo chochote, ingelikubali maafikiano yale. Kama ingekubali, basi kampuni iliyokataa imemsaliti mteja wake. Yaani usiamue kana kwamba kikomo ni chako na ziada ni ya mwenzio. Amua kana kwamba fedha zote ni zako.

Msingi huo haukuanza na Bi. Crisci. Mwaka 1958 mahakama hiyo hiyo ilikwisha kuamua kwamba kampuni iliyokataa hata kumtetea mteja wake, na kukataa maafikiano ya dola 4,000 katika kesi ya waenda kwa miguu waliogongwa na lori, ilipe hukumu yote ijapokuwa ilivuka kikomo. Lakini kesi ya yule mama ndiyo iliyoshika, na majimbo mengi ya Marekani yalifuata njia hiyo kwa namna moja au nyingine.

Usidhani kwamba kampuni zilitubu. Mwaka 1981, katika jimbo la Utah, Bwana Campbell alijaribu kuyapita magari sita kwa mpigo kwenye barabara ya njia mbili. Matatu zetu hufanya hivyo kila siku, nasi tumo ndani tunatazama simu. Dereva aliyekuwa akija kutoka mbele aliachia njia ili wasigongane, akapoteza mwelekeo, akagonga gari jingine. Alikufa, na dereva wa gari lile jingine akawa kilema wa maisha. Campbell hakuumia. Wachunguzi wa kampuni yake ya bima, State Farm, waliona kosa ni lake. Waliodai walikuwa tayari kupokea kiwango cha bima, dola 50,000 kwa jumla. Kampuni ikakataa, tena ikamhakikishia Campbell na mkewe kwamba mali yao iko salama na kwamba hawahitaji kutafuta wakili wao wenyewe. Hukumu ilikuwa dola 185,849. Hapo wakili wa kampuni akawashauri waweke vibao vya kuuza mali yao.

Sikiliza tena maneno ya kampuni ya Baba Mueni: "Wewe endelea na kazi yako." Ni wimbo ule ule.

Rufani ya Campbell iliposhindwa mwaka 1989, kampuni hatimaye ililipa hukumu yote. Lakini miaka ya hofu ilikuwa imepita, na wenyewe wakashtaki kwa ajili ya miaka hiyo. Juri iliwapa dola milioni 2.6, na juu yake milioni 145 za kuiadhibu kampuni, baada ya kusikia ushahidi kuhusu mpango wa kubana malipo ya madai nchi nzima. Jaji akazipunguza hadi milioni 1 na milioni 25. Mahakama ya juu ya Utah ikairudisha ile adhabu ya 145. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji sita dhidi ya watatu, ikasema hapo mmepita mpaka: ni nadra adhabu inayozidi fidia mara kumi au zaidi kuwa halali, na Utah haiwezi kuiadhibu kampuni kwa mambo iliyowatendea watu wa majimbo mengine. Mwaka uliofuata Utah ikaiweka adhabu kwenye dola milioni 9 na kitu.

Nakubaliana na majaji wale sita kuhusu kiasi. Adhabu ya milioni 145 kwa fidia ya milioni moja inafanana na bahati nasibu, nayo mwishowe hulipwa na wateja wengine wanaonunua bima. Lakini angalia jambo ambalo halikuguswa. Hakuna jaji aliyesema kwamba kampuni haikukosea kuwafanyia akina Campbell yale iliyowafanyia.

Na aliyeumia je? Maana mpaka sasa nimemzungumzia mwenye nyumba na mwenye gari, nikamwacha yule aliyelala hospitalini. California ilijaribu. Mwaka 1979 mahakama yake iliruhusu aliyeumia aishtaki moja kwa moja kampuni ya mtu aliyemuumiza, kwa kukataa kumlipa bila sababu ya haki. Miaka tisa baadaye, mwaka 1988, ikajigeuka, ikisema kwamba uamuzi ule umezaa kesi juu ya kesi. Tangu hapo haki ya kulalamikia nia mbaya ilibaki kwa aliyenunua bima. Njia inayotumika ni kwamba mwenye bima humpa aliyeumia haki yake ya kuishtaki kampuni, naye aliyeumia humwachia nyumba yake. Hivyo ndivyo akina Crisci na mpangaji wake walivyofanya kwa sehemu fulani: maadui wa jana wakaungana dhidi ya kampuni.

Turudi nyumbani. Sheria yetu ya Kenya ya bima ya magari kwa watu wa tatu, ile inayojulikana kama Sura ya 405, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya watu atakaowaumiza. Inasema pia kwamba hukumu ikishatolewa dhidi ya mwenye gari, na kampuni ikiwa ilipewa taarifa ya kesi kwa wakati, kampuni hulipa. Isipolipa, aliyeumia hufungua kesi ya pili dhidi ya kampuni yenyewe, kuiomba korti itamke kwamba inapaswa kulipa. Wenzetu Watanzania wana sheria iliyojengwa kwa mfano huo huo. Msikilizaji, fikiria: mtu ana vyuma mguuni, ameshinda kesi moja, na anaambiwa aanze nyingine.

Kisha mwaka 2006 Bunge letu likaongeza kikomo cha shilingi milioni 3 kwa madai ya mtu mmoja. Kampuni zilikuwa zinalia, na si kilio cha bure, kwani mwaka uliotangulia kampuni ya United, iliyokuwa na bima za matatu nyingi, ilikuwa imewekwa chini ya msimamizi. Kuna kampuni isiyolipa kwa sababu haina, na kuna isiyolipa kwa sababu inajua kuchelewa kuna faida. Kikomo kilikusudiwa kuisaidia ile ya kwanza. Lakini siku kilipowekwa, kilimfanya kila mwenye gari awe kama yule mjane wa California, na kikaipa kampuni nafasi ya kucheza ile kamari. Tuliletewa kikomo bila kuletewa kinga yake. Sheria ile haina kifungu kinachosema kwamba kampuni iliyokataa maafikiano ya haki, yaliyokuwa chini ya milioni 3, ibebe hukumu nzima. Kifungu cha namna hiyo ni cha mistari minne, na ningependa kumsikia mbunge mmoja akikisoma.

Najua jibu la watu wa bima, kwa sababu niliwahi kuwakaribisha studioni. Watasema miji imejaa majeruhi wa kubuni, watu wasiokuwamo garini wanaoibuka na fomu za polisi, na kwamba tukizitisha kampuni zitalipa kila mwenye bandeji. Wana haki ya kuuliza, na wakimkamata mwongo wamkaze. Lakini kipimo cha mwaka 1967 hakiiadhibu kampuni inayopinga madai ya uongo, kwa kuwa kampuni yenye busara haimlipi mwongo hata kama fedha zote ni zake. Kijana wa soksi hakuwa mwongo. Nyonga yake ilionekana kwenye picha za eksirei, na daktari wa kampuni yenyewe aliziona.

Kabla Bunge halijaamka, kuna jambo ambalo wewe mwenye gari unaweza kulifanya. Ukishtakiwa, iandikie kampuni yako barua, uulize kama upande wa pili umependekeza maafikiano na ni ya kiasi gani. Kama yamo ndani ya kikomo chako na kosa ni la dereva wako, andika waziwazi kwamba unaitaka kampuni ikubali, na kwamba ikikataa utaidai ziada yote. Hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa kupokewa. Marekani barua kama hiyo ni silaha ya kila siku. Hapa kwetu angalau itakuwa ushahidi kwamba hukunyamaza. Nawe uliyeumia, mwambie wakili wako amtumie mwenye gari nakala ya kila pendekezo analoipelekea kampuni. Mara nyingi mwenye gari ndiye mtu wa mwisho kujua kwamba ungeweza kulipwa mwaka jana.

Baba Mueni hakuwa ameandika barua yoyote. Nilikwenda naye kumwona wakili wa kijana, na kijana mwenyewe alikuwapo, ameegemea gongo. Walizungumza karibu saa nzima, na sehemu kubwa ya mazungumzo yao ilihusu habari za stendi. Mwishowe madalali waliondolewa, riba ikasamehewa, na wakakubaliana shilingi 30,000 kila tarehe tano ya mwezi. Kwa hesabu yangu atamaliza baada ya miezi 57. Na kwa kuwa sheria haimruhusu kuiweka matatu barabarani bila bima, wiki hiyo hiyo alikwenda kulipia nyingine, safari hii kwa kampuni ya jirani, ghorofa ya pili ya jengo lile lile.